Chai ya Himalaya Hainywewi kwa Haraka

Ukinipitia jioni hizi kibarazani kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, utanikuta na ramani imetandazwa juu ya mkeka, bilauri mbili za chai zimeikandamiza pembeni isipeperuke, na mpwa wangu Salim ameinama na penseli anahesabu siku. Wapitao huniuliza, "Vipi bwana, kesi ya shamba imefika wapi?" Maana huku kwetu mtu akionekana na ramani hudhaniwa ana ugomvi wa ardhi.

La, si shamba. Twapanga safari ya Nepal, katika bonde liitwalo Langtang, kaskazini ya mji wa Kathmandu, karibu na mpaka wa Tibet. Nia yetu ni kulitembea bonde hilo kwa miguu, kutoka mdomoni mwake mpaka kwenye barafu, na njiani tulale katika nyumba za chai.

Neno hili "nyumba ya chai" mtu wa Mwambao hana haja ya kuelezwa sana. Sisi tumelelewa na hoteli za chai na mahamri, na twajua kwamba hoteli si sahani na kikombe tu, bali ni mahali pa mtu kuketi. Basi nyumba za chai za Himalaya ni mambo hayo hayo, ila zimeongezwa vitanda. Ni nyumba za watu na familia zao. Chini pana chumba kikubwa chenye jiko la chuma katikati, linalokokwa kuni au samadi kavu ya mifugo, na wageni wote hulizunguka jioni kwa kuwa ndipo penye joto pekee nyumba nzima. Vyumba vya kulala vina kuta za mbao nyembamba, hata jirani akikohoa wewe ndiwe unayeamka. Choo aghalabu kiko nje. Chumba chenyewe bei yake ni ndogo, wakati mwingine ni kama bure, lakini ada ya pale ni kwamba ulalapo ndipo ulapo. Chakula cha jioni na cha asubuhi ndicho kinachoiweka nyumba ile. Anayelala hapa akaenda kula kwa jirani ili aokoe rupia mbili tatu, huyo amevunja adabu, na wenyewe hawamfichi.

(Naam, ni rupia. Wazee wetu walioitumia rupia hapa pwani mpaka mwaka 1920 wangejisikia nyumbani.)

Kadiri upandavyo ndivyo bei ipandavyo, nawe usinung'unike, kwa kuwa mchele, gesi na hata lile bati la paa, vyote vimepandishwa mgongoni mwa mtu au nyumbu.

Sasa nirudi kwa Salim. Huyu ni mtoto wa dadangu, mtoto wa kiume pekee, ana miaka 26 na anafanya kazi katika ofisi moja ya mambo ya bandari. Likizo yake ni siku 14, wala haizidi. Juma lililopita alinijia na karatasi.

"Mjomba, nimemaliza mpango. Siku kumi na nne barabara, kwenda na kurudi."

Nikavaa miwani nikasoma. "Mbona sioni usiku wa Ghoda Tabela?"

"Nimeukata. Na ile siku ya kukaa bure pale Kyanjin nayo nimeikata. Mimi kijana, mjomba. Kila Jumapili niko uwanjani nacheza mpira."

Nilimrejeshea karatasi yake nikanyamaza kwa muda, kwani mpango ule niliujua. Ulikuwa ni ule ule wangu wa mwaka 2012.

Mwaka huo, mwezi wa Oktoba, nilikwenda bonde hilo na rafiki yangu tuliyesoma pamoja. Nami nilikuwa na likizo fupi, na miguu yenye nguvu. Tulilala kituo kiitwacho Lama Hotel, ambacho si hoteli moja bali ni vijumba vichache msituni kandokando ya mto, kwenye kimo cha mita 2,400 na kitu. Asubuhi yake tukatoka alfajiri, na kabla ya adhuhuri kupita sana tukafika kijiji cha Langtang, mita 3,430. Tukaingia nyumba moja kunywa chai. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, amevaa joho zito na aproni ya milia kama wavaavyo wanawake wa huko. Sisi tulimwita Didi, yaani dada mkubwa kwa Kinepali, kama tunavyomwita dada mwanamke yeyote tusiyemjua jina. Akatuuliza tumelala wapi. Tulipomjibu Lama Hotel, akaonyesha kitanda kwa mkono, akasema kwa Kiingereza chake kidogo kwamba leo tulale hapa, kesho ndiyo twende.

Nilidhani ataka biashara. Nasema hayo kwa haya, lakini ndivyo nilivyodhani. Tulilipa chai yetu tukaendelea mpaka Kyanjin Gompa, mita 3,870, tukafika machweo. Yaani katika siku moja tulipanda zaidi ya mita 1,400, mtu ambaye maisha yake yote amelala usawa wa bahari.

Usiku ule kichwa kilinigonga kama nyundo ya mhunzi. Chakula sikukitaka, maji nikiyanywa yarudi. Saa nane za usiku nilipotoka kwenda chooni nikawa napepesuka kama mlevi, na rafiki yangu aliponiuliza siku ya leo sikuweza kumjibu. Kulipopambazuka, mwenye nyumba hakushauriana nasi. Alimwita mpagazi mmoja, akaniegemeza begani mwake, nikateremshwa. Ni mwendo wa saa mbili au tatu tu kwenda chini, na kila tulipoteremka akili ilinirudia kidogo kidogo. Nikaletwa mlangoni pa yule yule Didi. Hakunicheka, wala hakuniambia "si nilikwambia." Alinifunika mablanketi mawili, akanimiminia chai ya maziwa yenye tangawizi, akakaa akinitazama mpaka nikaimaliza. Nilikaa kwake siku mbili, na Kyanjin sikurudi tena. Mpaka leo, kilele nilichokiendea sijakiona.

Salim kisa hiki amekisikia tangu utotoni, lakini alikuwa akikisikia kama kichekesho cha mjomba. Siku hiyo nilimweleza kama alivyonieleza daktari baadaye.

Hewa ya juu ni nyepesi. Pale Langtang, kila pumzi uvutayo hukupa kiasi cha thuluthi mbili tu ya oksijeni uliyoizoea Mombasa. Mwili waweza kuzoea, lakini kwa wakati wake, na wakati huo haupunguzwi kwa kucheza mpira. Vijana wenye nguvu mara nyingi ndio wanaougua, kwa kuwa ndio wanaokwenda mbio. Kanuni ya waganga ni kwamba ukishapita mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne mtu apumzike siku moja asipandishe kitanda. Kumbuka ni kitanda. Mchana waweza kupanda juu zaidi, bora urudi kulala chini. Kichwa kikiuma na hamu ya kula ikapotea, baki ulipo. Ukianza kupepesuka, au maneno yakakupotea, au ukahema ilhali umeketi, hapo ubongo au mapafu yameanza kuingia maji, na dawa ni kuteremka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kuna vidonge viitwavyo Diamox ambavyo humsaidia mtu kuzoea, lakini aulizwe daktari kwanza, hasa na mwenye kudhurika na dawa za salfa, na visifanywe ruhusa ya kukimbia.

Hata chai yenyewe hukuonyesha wepesi wa hewa ile. Hapa kwetu maji huchemka kwa nyuzi 100. Pale Kyanjin yanachemka kwenye 87 hivi. Utaona birika linatokota kwa fujo, lakini moto wake haufiki ule wa kwetu, na maharagwe bila ya sufuria ya kufunga kwa nguvu hayaivi.

Basi tukakaa tukaupanga upya. Siku mbili za ndege, kupitia Ghuba. Siku moja Kathmandu kwa vibali. Siku moja ya basi kwenda Syabrubesi, mji mdogo wenye kimo cha mita 1,500 hivi. Ni mwendo wa saa saba au nane kwa barabara iliyojikunja ukingoni mwa majabali, nami nawashauri wenye roho nyepesi wakae upande wa ndani. Kisha Lama Hotel. Kisha Ghoda Tabela, maana yake zizi la farasi, mita 3,000. Kisha Langtang. Kisha Kyanjin. Ukipiga hesabu utaona kwamba ukishapita Ghoda Tabela, kila usiku haupandi zaidi ya mita 500 juu ya uliotangulia. Siku ya kupumzika. Siku ya kupanda Tserko Ri, kilele ambacho kimo chake kinakaribiana sana na Lenana ya Mlima Kenya, yaani mita 4,985, ukirudi kulala Kyanjin. Siku mbili kuteremka, moja ya basi, moja ya akiba, kwa kuwa barabara ile huweza kufungwa na maporomoko. Siku mbili kurudi nyumbani.

Salim akajumlisha. "Kumi na sita, mjomba."

"Basi omba mbili."

"Na wakinikatalia?"

"Tutaacha Tserko Ri na ile ya akiba. Ghoda Tabela hatuiachi."

Hakufurahi. Kilele ndicho alichokiona kwenye picha, Ghoda Tabela hakuna aipigaye picha.

Mambo mengine ya matayarisho hayana ugumu. Wakati mzuri ni Oktoba na Novemba, mbingu zikiwa safi, au Machi mpaka Mei, maua ya milimani yakichanua. Juni mpaka Septemba ni mvua na ruba. Ila Oktoba mara nyingi huangukia sikukuu yao kubwa ya Dashain, na mabasi hujaa watu wanaokwenda makwao kama yajaavyo ya kwetu siku ya kuamkia Idi. Visa ya siku 30 ni dola 50, na mtu atokaye Kenya achukue cheti chake cha sindano ya homa ya manjano. Kibali cha kuingia hifadhi ya taifa ya Langtang, iliyoanzishwa mwaka 1976, ni rupia 3,000. Tangu Aprili 2023 mgeni hatakiwi kwenda peke yake, sharti achukue kiongozi mwenye leseni. Salim aliona ni gharama ya bure. Mimi lau ningekuwa na kiongozi mwaka 2012 asingeniacha kupita mlango wa Didi. Tutachukua na hamali mmoja, naye mzigo wake hautazidi kilo 20, na koti tutamtazamia analo. Bima iwe ni ile inayolipia helikopta mpaka mita 5,000. Zisomeni zile herufi ndogo, kwani bima nyingi huishia chini ya hapo. Fedha taslimu, kwani juu huko hakuna benki. Makoti mazito twaweza kukodi Kathmandu, mtaa wa Thamel. Viatu usikodi. Viatu vyako uvivae miezi miwili hapa hapa ukipanda na kushuka ngazi za ghorofa, na ukiweza nenda Taita siku mbili tatu, ukaizoeze miguu kuteremka, maana magoti huumia zaidi kwenye kushuka.

Ninaloulizwa zaidi barazani ni chakula na sala, na sawa waulize.

Kathmandu hapana taabu. Waislamu wa Nepal ni kiasi cha watu watano katika kila mia, na mjini, karibu na mnara wa saa wa Ghanta Ghar, iko misikiti miwili inayokaribiana, Jamia na ule unaojulikana kwa jina la Kashmiri Takiya, na hapo jirani utapata nyama ya halali. Juu bondeni ni mambo mengine. Wenyeji ni watu wa dini ya Buddha, nyama si yetu, na hata asiyejali hayo huambiwa asiile, kwa kuwa hupandishwa mgongoni mwa mpagazi siku kadhaa bila ya barafu. Lakini huhitaji nyama. Chakula cha nchi ni wali kwa dengu, mboga za majani, viazi na achari, na ukimaliza sahani huongezwa mpaka useme basi. Pana mayai, pana chapati. Jibini ya Kyanjin ina sifa, kiwanda chake kilianzishwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Waswisi, lakini sikuweza kupata jawabu maziwa yale yanagandishwa kwa tumbo la mnyama gani, basi nikajiepusha. Pombe ya nafaka hupitishwa mezani usiku. Ukisema chai tu, utaletewa chai tu, hapana anayekulazimisha.

Ama sala, huko msafiri huzijua ruhusa alizokuwa akizisoma chuoni bila ya kuzitumia. Kupunguza na kukusanya, na kupangusa juu ya khuffu kwa siku tatu na usiku wake, ambako kwenye maji ya barafu saa kumi na moja za alfajiri utaona rehema yake. Maalim wetu alitukumbusha kwamba tukinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, kupunguza kumekwisha. Kwa hiyo hata mapumziko yetu ya Kyanjin tumeyapima kwa kipimo hicho. Na kibla chataka utulivu kidogo. Sisi hapa Mombasa, Makka iko kaskazini yetu moja kwa moja, na mtu huinuka hata usingizini akaelekea huko. Kutoka Nepal Makka iko magharibi. Na kwa kuwa bonde la Langtang laanzia magharibi likapanda kwenda mashariki, kutwa nzima unakipa kibla mgongo, na wakati wa sala unageuka ukaelekea njia uliyoijia, mto ukikimbia mbele yako kwenda chini. Mwaka ule, siku mbili nilizolala kwa Didi, nilisali nimekaa kitandani nimeelekea dirisha la upande huo. Siku ya pili nilikuta amelisogeza gudulia la maji na kulifuta dirisha.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo sikulitia katika karatasi ya Salim.

Jumamosi tarehe 25 Aprili 2015, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, Nepal ilipigwa na tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.8. Nchi nzima walikufa karibu watu 9,000. Juu ya kijiji cha Langtang umesimama mlima Langtang Lirung, zaidi ya mita 7,200, na tetemeko lile lilikung'uta barafu, theluji na mawe ya ubavuni mwake vikaanguka kijijini kwa pamoja. Kijiji kilifukiwa. Nyumba moja tu ilisalia, iliyokuwa imejibanza chini ya jabali. Waliokufa bondeni humo, wenyeji kwa wageni, walizidi 200. Waliopona walichukuliwa kwa helikopta mpaka Kathmandu, wakakaa kambini miezi mingi, kisha wakarudi. Wamejenga nyumba mpya pembeni ya kifusi, na nyumba za chai zinapokea wageni kama zamani. Upo ukuta wa mawe ulioandikwa majina ya waliokufa.

Nilizisikia habari hizo kwenye redio hapa hapa kibarazani. Picha zilipotoka niliitafuta nyumba ya Didi, nikaona tambarare ya mawe na barafu chafu. Ilikuwa ni saa za kupika chakula cha mchana. Asingekuwa mahali pengine ila jikoni; au labda alikuwa amekwenda Kathmandu kununua vitu, au yuko malishoni juu na wanyama. Nimezipanga "labda" hizi mara nyingi.

Nami hata nikisimama mbele ya ukuta ule sitaweza kumtafuta. Jina lake sikuliuliza. Siku mbili nimelala katika nyumba yake, nimemwita Didi, Didi, kama ambavyo kila mgeni alimwita, nikalipa, nikaaga. Ninayo picha moja tu aliyopiga rafiki yangu, amesimama mlangoni na birika mkononi, jua limempiga usoni amekunja macho.

Jioni ile nilimwonyesha Salim picha hiyo. Aliishika muda mrefu, kisha akauliza, "Ghoda Tabela mpaka Langtang ni mwendo wa saa ngapi?"

"Ukienda pole pole, saa tatu hivi."

"Basi tutafika asubuhi. Tutakuwa na kutwa nzima ya kuuliza watu."

Dadangu naye amekuja mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Kakangu, huyu ndiye mwanangu wa pekee, wewe wajua." Nikamwambia najua. Mara ya pili alileta soksi mbili za sufi na kikebe cha tangawizi kavu iliyosagwa, akaviweka juu ya ramani bila ya kusema neno.

Tiketi bado hatujakata. Salim ameandika barua kuomba siku mbili zisizo na mshahara, naye mkubwa wake amemwambia atamjibu baada ya mwisho wa mwezi. Picha tumeipeleka kwa mpiga picha aikuze na kutoa nakala tano, maana karatasi huloa, na ya kwanza yeyote atakayemtambua nitamwachia.